Maneno ya Nyanya Yako Wapi?

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja alinikabidhi kazi ya utafiti kuhusu nyimbo za kubembelezea watoto, alizozisikia kwa nyanya yake. Kazi ilikuwa nadhifu, imepigwa chapa vizuri, na kila wimbo umeelezwa maana yake kwa Kiingereza. Nilipomwuliza maneno yenyewe aliyoyatamka nyanya yako wapi, alinijibu kwamba hakuyaandika, kwa kuwa aliona maana inatosha. Na nyanya mwenyewe alikuwa ameshazikwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimfikiria mwalimu mmoja ambaye jina lake halisikiki sana huku kwetu: Dkt. Nabi Bakhsh Khan Baloch wa Sindh, jimbo la kusini mwa Pakistan ambako mto Indus humwaga maji yake baharini. Alizaliwa mwaka 1917 katika kijiji kimoja cha wilaya ya Sanghar, akasoma hadi Chuo Kikuu cha Aligarh nchini India, kisha akaenda New York. Huko Chuo Kikuu cha Columbia kilimtunuku shahada ya udaktari mwaka 1949. Tasnifu yake haikuhusu nyimbo hata kidogo. Ilihusu namna ya kuwafunza walimu wa taifa jipya la Pakistan. Nalitaja jambo hili makusudi, maana wapo wanaodhani kwamba kukusanya nyimbo za wazee ni shughuli ya mtu aliyekosa kazi.

Aliporejea, hali ya lugha yake haikuwa njema. Mgawanyiko wa mwaka 1947 ulikuwa umewahamishia India Wahindu wengi wa Sindh, na miongoni mwao walimu, waandishi na waimbaji. Mnamo 1955 jimbo lenyewe likafutwa katika ramani, likachanganywa na mengine na kuitwa Pakistan ya Magharibi, nalo halikurejeshwa hadi 1970. Kisindhi, lugha yenye maandishi ya karne nyingi, kilianza kusukumwa kando katika ofisi na shule. Ni katika kipindi hicho hicho, mwaka 1957, ndipo Baloch alipoanzisha mradi wake mkubwa chini ya Sindhi Adabi Board, taasisi ya fasihi ya Kisindhi.

Utaratibu wake ulikuwa rahisi kueleza na mgumu kutekeleza. Kila tarafa iliwekewa mkusanyaji wa kuzunguka vijijini. Visa, vitendawili, nyimbo za harusi, nyimbo za sifa za Mtume, mashairi ya matukio, desturi za ndoa na mazishi: vyote viliandikwa kwa Kisindhi, kisha vikaletwa kwake kulinganishwa na kusahihishwa. Matunda yake ni majalada zaidi ya 40. Hadithi peke yake zimejaza majalada saba.

Jalada linalonivutia zaidi ni lile la beti zinazoimbwa pamoja na nar. Nar ni filimbi ndefu ya tete, na mpulizaji wake hutoa sauti mbili kwa pamoja: moja ya filimbi na nyingine ya koo lake mwenyewe. Shairi lake huitwa bait, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kuambiwa kwamba neno hilo ni ndugu wa ubeti wetu. Yote mawili yametoka kwa Waarabu. Beti hizi zilitungwa na kuimbwa na watu wa mashambani, wengi wao wasiojua kusoma. Lau asingekuwapo mtu wa kuwapelekea kalamu, zingekufa pamoja nao.

Baloch hakukomea kwenye maneno. Mwaka 1966 alitoa kitabu kuhusu ala za muziki za bonde la chini la Indus. Mle utaikuta borrindo, kijidude cha udongo cha mviringo chenye tundu moja kubwa la kupulizia na vitundu vidogo vya vidole. Utaikuta alghozo, filimbi mbili zinazopulizwa kwa pumzi moja. Na sharnai, ambayo mtu wa Lamu angeiona tu angeiita zumari. Mwaka 1973 akafuatisha kitabu cha historia ya muziki wa Sindh. Wakati huo huo alikuwa akitunga kamusi kubwa ya Kisindhi. Jalada la kwanza lilitoka mwaka 1960 na la tano mwaka 1988. Miaka 28! Wengine wetu tukipewa miaka mitatu kuandika makala moja huomba tuongezewe muda.

Kisha kuna kazi yake juu ya Shah Abdul Latif wa Bhit, mshairi mkuu wa Wasindhi aliyefariki mwaka 1752. Diwani ya Shah Latif imegawanywa kwa tuni, si kwa mada tu. Kila sehemu huitwa sur, na ina jina la namna inavyoimbwa. Ipo moja, Samundi, inayowahusu wake wa mabaharia waliobaki ufukoni wakingoja pepo za msimu ziwarudishe waume zao. Kaburini kwa Shah Latif mafakiri wake huziimba beti hizo usiku hadi leo, wakipiga dambooro, ala ya nyuzi tano. Diwani hiyo ilichapwa mara ya kwanza Leipzig mwaka 1866 na Mjerumani, Ernest Trumpp, na baadaye wengine wakatoa nakala zao. Baloch alitumia miaka mingi akilinganisha miswada ya kale, akatoa toleo la majalada 10.

Sitaki kumfanya malaika. Mtu anaweza kumlaumu kwa kuukubali uongozi wa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Islamabad mwaka 1980, zama za utawala wa kijeshi wa Jenerali Zia-ul-Haq. Lawama yangu mimi ni ya kitaaluma. Majalada yake ya nyimbo yamejaa maneno, na karatasi haihifadhi pumzi. Anayesoma beti za nar bila kuwahi kuisikia nar ameshika kombe bila ya chaza. Hata hivyo, tuni bila maneno nayo ni hasara, na yeye alikuwa mtu wa lugha; aliokoa kile alichokuwa na ujuzi wa kukiokoa.

Tena Sindh haiko mbali nasi kama ramani inavyodai. Huko wanaishi Masheedi, kizazi cha Waafrika waliopelekwa ng'ambo, wengi wao kwa biashara ya watumwa iliyopitia Zanzibar na pwani hii. Richard Burton, katika kitabu chake cha mwaka 1851 kuhusu Sindh, aliorodhesha maneno yao, na mengi ni Kiswahili kitupu. Ngoma yao kubwa huitwa mugarman, nao huiheshimu kama mzee wa ukoo. Ndugu zao wa Gujarat, upande wa India, mchezo wao huuita goma. Lugha ilikwisha midomoni mwao kwa vizazi kadhaa, lakini jina la ngoma lilibaki, pengine kwa sababu lilitamkwa kila ngoma ilipopigwa.

Baloch alifariki tarehe 6 Aprili 2011, naye amezikwa katika chuo kikuu cha Sindh, Jamshoro, alikowahi kuwa makamu mkuu.

Yule mwanafunzi nimemrudishia kazi yake bila ya alama. Ana shangazi wawili waliolelewa na nyanya yuyo huyo. Nimemwagiza aende kwao likizoni, aandike kila neno kama linavyotamkwa, hata lile ambalo shangazi mwenyewe hajui maana yake. Aandike nani aliimba, saa ngapi, mtoto akiwa mgongoni au kitandani. Tafsiri tutaitazama baadaye.