Pilipili imegoma kuota? Angalia joto, kisha angalia udongo

Mama amepanda mbegu za pilipili mbuzi kwenye kopo nyuma ya nyumba. Siku ya 10 hakuna kilichoota. Mtoto anachokora udongo kwa kidole kutafuta mche, naye mama anamlaumu muuza mbegu.

Mara nyingi tatizo ni baridi. Pilipili huota vizuri kwenye udongo wenye joto la nyuzi 25 hadi 30. Hoho huchukua wiki moja hadi mbili, lakini pilipili kali zinaweza kufika wiki tatu au zaidi, hasa usiku wa Juni na Julai unapopoa.

Mzazi anaweza kuziharakisha. Achague mbegu za pilipili iliyoiva, kwani za pilipili changa mara nyingi hazioti. Aziloweke usiku kucha kwenye maji ya uvuguvugu, kisha azikunje kwenye kitambaa chenye unyevu ndani ya kopo lenye mfuniko, na kuliweka mahali penye joto jikoni, si juu ya jiko. Zikichomoza mzizi mweupe, azipande kina kisichozidi sentimita moja. Maji yawe ya kunyunyiza, kwani yakituama mbegu huoza.

Mbegu za dukani zenye rangi zimepakwa dawa. Hizo zisilowekwe, na watoto wasizishike.

Kwa familia za Geita, Kahama na maeneo mengine ya machimbo, lipo swali jingine: udongo umetoka wapi? Marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya dhahabu kutolewa, yanaweza kuwa na zebaki. Vivyo hivyo karai au ndoo iliyotumika kuchenjulia. Zebaki huharibu ubongo na mishipa ya fahamu, na walio hatarini zaidi ni mtoto aliye tumboni na mtoto mdogo anayetia vidole vyenye udongo mdomoni.

Kwa hiyo udongo wa kitalu uchukuliwe mbali na makarasha na mahali dhahabu inapochomwa, uchanganywe na samadi iliyooza. Kama uwanja wa nyumba upo jirani na machimbo, miche ipandwe kwenye viroba safi vyenye udongo ulioletwa kutoka mbali. Baada ya kazi, kila mmoja anawe mikono kwa sabuni.

Pilipili ikichelewa wiki moja, mboga italiwa bila pilipili. Madhara ya zebaki kwenye ubongo wa mtoto yanaweza kudumu maisha yake yote.