Kijapani Hakikunipotezea Dini

Nilipopata nafasi ya kwenda Kobe kusoma Kijapani kwa mwaka mmoja, katika mpango wa kubadilishana wanafunzi, ami yangu hakufurahi. "Mwanangu, lugha ya watu huja na mila zao," aliniambia. Wako wengi hapa pwani wenye rai kama yake. Mimi nasema aliye hatarini kule ni yule asiyeijua lugha.

Mtu wa pwani akiona samaki sahanini hujiona yuko salama. Mwezi wa kwanza nilikula samaki wa mchuzi kila mchana katika mkahawa wa chuo, kwa bismillahi na shukrani. Kumbe mchuzi ule hutiwa mirini, nao ni mvinyo mtamu wa mchele! Nilijua siku nilipoweza kuisoma chupa. Usiku ule sikulala.

Tangu hapo sikumngoja mwalimu. Wenzangu walianza na herufi za mlima na mto, zenye mistari 3 tu kila moja. Mimi nilianza na ya nguruwe, mistari 11, kisha ya pombe, mistari 10. Dukani nikawa nasimama na pakiti ya supu mkononi kama mtu anayesoma barua ya posa.

Mengine hayakunitaabisha. Viatu huvuliwa mlangoni kama kwetu, mwalimu huitwa sensei kama sisi tunavyoita maalim, na irabu zao ni tano kama zetu, ingawa "mimi" kwao ni sikio na "kasa" ni mwavuli. Sala ndiyo iliyotaka hesabu. Juni, Alfajiri huingia yapata saa tisa usiku. Desemba, jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Na Ijumaa je? Ruhusa ya kukosa kipindi niliiomba mwenyewe, kwa Kijapani chao cha adabu, nikakubaliwa, nikapanda hadi msikiti wa Kobe, uliofunguliwa 1935 na kusalimika na mabomu ya vita na tetemeko la 1995. Ningeiombaje kwa ishara za mikono?

Niliporudi, ami alitaka kuiona ile herufi ya nguruwe. Nikamwandikia. Akavaa miwani, akahesabu mistari kwa kidole.

"Subhanallah," akasema, "taabu yote hii kwa mnyama yule!"