RAID ikianguka, fundi asikimbilie kuiunda upya

Umeme ukikatika ghafla, disiki za serveri haziachi kuandika zote kwa wakati mmoja. Moja inabaki nyuma ya zingine, na serveri ikiwashwa tena, Linux inaweza kukataa kuziunganisha. Goma, Bukavu ao Bunia, ambako umeme unaondoka bila kuaga, ajali hiyo haishangazi mtu.

Hasara kubwa inakuja baadaye, kwa mikono ya fundi. Mkurugenzi amesimama nyuma yake akiuliza kama bado, naye anaandika mdadm --create akiamini anaunganisha. Kumbe amri hiyo inaunda RAID mpya juu ya ile ya zamani. Akikosea mpangilio wa disiki, ao toleo jipya la mdadm likianzisha data mahali tofauti na la zamani, kazi ya kulinganisha disiki inayoanza yenyewe inaweza kuandika takataka juu ya mafaili. Hapo hata fundi hodari atakayeitwa kesho atakuta kidogo sana cha kuokoa.

Mwanzo ni kusoma tu: mdadm --examine kwa kila disiki, na matokeo yahifadhiwe nje ya serveri hiyo. Ndani yake kuna hesabu inayoitwa Events. Zikipishana kidogo, mdadm --assemble --force mara nyingi inatosha. Ile iliyo nyuma sana ilijitoa zamani bila mtu kuona. Iachwe nje, kwa sababu RAID 5 inavumilia kukosa disiki moja, RAID 6 mbili.

Lakini hata hayo yafanywe juu ya nakala. Programu ya ddrescue inanakili disiki inayokufa, inaruka sehemu mbovu na kuzirudia mwishoni. Kisha fsck -n, ambayo inakagua bila kurekebisha, na mafaili yafunguliwe kwa kusomwa tu.

Wakubwa watasema disiki za kunakilia ni ghali. Ni ghali kweli. Ila faili za wagonjwa za miaka 10 haziuzwi dukani. Na ni wakubwa haohao wanaonunua disiki nne za RAID, halafu wanakataa moja ya nje ya kuweka nakala, eti RAID inatosha. Faili ikifutwa kwa makosa, RAID inaifuta kwenye disiki zote papo hapo.