Wauza "unga wa nguvu" waangaliwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe kero yangu kuhusu wauza mitishamba hapa Mpanda wanaowawinda wagonjwa wa saratani.

Shangazi yangu alianza dripu za saratani Mwanza. Anayeijua safari ya treni kutoka hapa kupitia Tabora anajua inavyomchosha hata mwenye afya. Aliporudi hakuweza hata kukoroga uji. Muuzaji mmoja mnadani akampa unga wa mizizi, eti unasafisha sumu ya hospitali na kurudisha nguvu, kwa bei ya gunia la mahindi! Akawa anaunywa kimyakimya, akiogopa kufokewa na wauguzi. Uchovu ukazidi. Alipopimwa, damu ilikuwa imepungua mno. Alipoongezewa ndipo akaanza kutembea uani.

Sipingi tiba asili. Mlonge kwetu ni mboga. Lakini uchovu wa saratani una sababu nyingi: upungufu wa damu, dawa zenyewe, kukosa usingizi, mawazo. Tena baadhi ya mitishamba hugongana na dawa za hospitali au huumiza ini.

Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lipo kwa sheria ya mwaka 2002. Naliomba, pamoja na Mganga Mkuu wa Mkoa wa Katavi, wakague wauzaji wa minadani na stendi. Wauguzi nao wawaulize wagonjwa, kwa upole, wanakunywa nini nyumbani.

Wasomaji wenzangu, huko kwenu hali ikoje? Andikeni.

Msomaji wako,
Mpanda, Katavi