Kifungo Kisipimwe Kabla ya Kesi Kusikilizwa

Kila inaporipotiwa kesi ya mtoto kunajisiwa Kitengela au Isinya, wito huwa ni uleule: sheria iweke miaka ambayo hakimu hawezi kuipunguza. Hasira hiyo ni ya haki. Hoja zinazoandamana nayo ndizo zisizoshika.

Inasemekana kima cha chini kinamfungia hakimu mlango wa hongo. Mlango huo umehamishwa tu. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, anayenajisi mtoto wa miaka 12 hadi 15 hafungwi chini ya miaka 20. Anayepatikana na kosa la tendo la aibu kwa mtoto huyohuyo, kima chake ni miaka 10. Ni nani anayechagua shtaka litakaloandikwa? Ni polisi na kiongozi wa mashtaka, hakimu hajaliona faili. Hakimu husoma hukumu mbele ya watu na kuandika sababu zake, na Mahakama Kuu pale Kajiado inaweza kuzipitia, hata kuongeza kifungo. Maelewano ya kituoni hayakatiwi rufaa.

Wengine hudai kwamba kifungo kimoja kwa wote ndio usawa. Basi tutazame kifungu cha 8 cha sheria hiyo. Mtoto akiwa na miaka 11 au chini, mkosaji hufungwa maisha. 12 hadi 15, miaka 20. Akishafika 16, kima ni miaka 15. Huku Kajiado wapo watoto wengi wasio na cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo umri hukadiriwa hospitalini, mara nyingi kwa kukagua meno. Ni makadirio. Daktari akiandika 15 badala ya 16, mshtakiwa ameongezewa miaka 5 jela, na alichokitenda ni kilekile.

Sheria ya 2011 dhidi ya ukeketaji inasikitisha zaidi, nami nasema hivyo nikitaka ukeketaji ukome leo. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili. Kima hicho kinamhusu ngariba aliyeshika wembe, na kinamhusu pia nyanya wa jirani aliyejua akakosa kupiga ripoti. Aliyeuza ploti Kitengela hulipa akarudi nyumbani jioni hiyohiyo, na nyanya asiye na ng'ombe wa kuuza akaingia ndani miaka mitatu. Usawa uko wapi?

Kuhusu hoja kwamba vifungo virefu huwatisha wahalifu, sina mengi. Wizi wa mabavu una adhabu ya kifo katika sheria zetu hadi sasa, na hakuna mkazi wa Kitengela atakayekwambia umekwisha. Mhalifu huogopa kukamatwa. Tena mshukiwa anapokuwa mjomba au baba wa kambo, miaka 20 humtisha zaidi mama wa mtoto. Wazee hukaa, ng'ombe hutolewa, na shahidi haonekani tena kortini.

Imebaki hoja kwamba Mahakama ya Juu ilishafunga mjadala. Ni kweli, mnamo Desemba 14, 2017, katika kesi ya Muruatetu, ilibatilisha ulazima wa hukumu ya kifo kwa mauaji, kisha Julai 12, 2024, katika kesi nyingine, ya unajisi, ikarejesha kifungo cha miaka 20 ambacho Mahakama ya Rufaa ilikuwa imekipunguza hadi 15. Lakini ilichosema ni kwamba kuweka adhabu ni kazi ya Bunge. Haikusema Bunge limeifanya vizuri. Tayari Machi 2019 majaji wa Rufaa, wakimwachilia kijana aliyefungwa miaka 15 kwa uhusiano na msichana wa miaka 17, walihimiza taifa lizungumzie sheria hii kwa uzito.

Adhabu za juu zibaki, hata kifungo cha maisha. Vima vya chini viondolewe, na kila hakimu aandike jinsi alivyofuata mwongozo wa hukumu wa Idara ya Mahakama uliofanyiwa marekebisho 2023. Mbunge wako akija kuomba kura, muulize msimamo wake kuhusu kifungu cha 8, na usikubali akujibu kwa hasira peke yake.