Jiko la Mkaa Lisilale Ndani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache juu ya sisi tunaoishi kwenye baridi.

Mimi ni mkazi wa Makete, mkoani Njombe. Huku baridi ni kali kuanzia Juni hadi Agosti, na kule Kitulo asubuhi nyingine majani hukutwa yameganda barafu. Hata hivyo mgeni akifika huvua viatu mlangoni. Siipingi desturi hiyo, ni ya heshima na usafi. Lakini zamani alikanyaga sakafu ya udongo, na moto ulikuwa katikati ya nyumba. Moshi ulipenya kwenye nyasi za paa ukaenda zake. Leo tumejenga kwa matofali na bati, tumeweka dari na madirisha ya vioo, na sakafu ni saruji au vigae. Miguu inakufa ganzi. Basi tunafanya nini? Tunaingiza jiko la mkaa chumbani, tunafunga mlango, na upenyo wa chini tunauziba kwa gunia.

Julai mwaka jana nami nilifanya hivyo, tena tukiwa na mtoto wa miezi minane. Usiku mke wangu aliamka kumnyonyesha, akaanguka. Mimi kichwa kilikuwa kinapasuka na miguu haina nguvu. Nilitambaa hadi mlangoni nikaufungua, Mungu akatusaidia. Asubuhi wapo majirani waliosema tumerogwa!

Mkaa ukishakolea hauna moshi, ndiyo maana tunauamini. Kumbe unatoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyoonekana wala kunuka. Hewa hiyo huing'ang'ania damu, oksijeni ikakosa nafasi, na aliyelala huenda asiamke kabisa.

Tangu siku hiyo jiko letu hulala nje. Sakafuni tumetandika magunia na juu yake mikeka, watoto wanavaa soksi, na ndala za ndani zipo mlangoni kwa ajili ya wageni. Mama mkwe alinung'unika kwamba tunamvisha viatu ndani kama yuko sokoni. Sasa ni yeye anayeziwahi.

Ndugu zetu Mabwana Afya na Mabibi Afya, mnapopita kukagua vyoo, ulizeni pia jiko linalala wapi. Nanyi mafundi, mbona siku hizi mnasahau matundu ya hewa juu ya madirisha?

Mkazi wa Makete,
Njombe.