Haki ya Silaha na Kura ya Diwani

Kila Marekani inapoingia katika uchaguzi wa Rais, suala la silaha hupamba moto. Mgombea mmoja huahidi kuzidhibiti, na mwenzake huapa kwamba hapana mkono wa serikali utakaogusa bunduki ya raia mwema. Siku ya kupiga kura watetezi wa silaha hujitokeza kwa wingi. Lakini ufikapo uchaguzi wa meya, wa madiwani au wa mkuu wa polisi wa wilaya, idadi ya wapiga kura nchini humo hushuka mno, na watetezi hao hawakosekani miongoni mwa wanaobaki majumbani. Twasema wazi kwamba huko ni kukosa shabaha. Na kosa hilo lina funzo hata kwetu sisi watu wa visiwani, ambao katiba zetu mbili, ya Muungano ya mwaka 1977 na ya Zanzibar ya mwaka 1984, hazina kifungu cha haki ya raia kumiliki silaha.

Marekani inacho kifungu hicho. Ni Marekebisho ya Pili ya Katiba yao, yaliyopitishwa mwaka 1791. Wengi hudhani kwamba maadamu haki imeandikwa katika Katiba, mlinzi wake ni Rais na majaji. Historia haisemi hivyo. Kesi mbili zilizoipa haki hiyo maana iliyo nayo leo hazikuzuka kwa sheria ya Kongresi, bali kwa sheria ndogo za miji. Mwaka 1976 baraza la mji wa Washington liliwazuia wakaazi kusajili bastola mpya. Mwaka 1982 Chicago nayo ikafanya vivyo hivyo. Mahakama ya Juu ilitengua marufuku ya Washington mwaka 2008, na mwaka 2010 ikaamua kwamba Marekebisho ya Pili huzifunga pia serikali za majimbo na za miji, hata marufuku ya Chicago nayo ikaanguka. Hesabu ni nyepesi: miaka 32 kwa mji mmoja, miaka 28 kwa mwingine. Jambo lililofungwa na madiwani kwa kikao kimoja lilichukua umri wa mtu mzima kufunguliwa na majaji. Anayeipinga bunduki ataona kwamba kura ya diwani iliulinda mji wake kwa kizazi kizima. Anayeipenda ataona kwamba kura hiyo ilimnyima haki kwa muda ule ule. Wote wawili wataona ukweli mmoja.

Kadhalika yafaa ikumbukwe habari ya miji miwili midogo. Mwaka 1981 Morton Grove, kitongoji kilicho karibu na Chicago, kilipiga marufuku bastola majumbani. Mwaka 1982 mji wa Kennesaw, katika jimbo la Georgia, ulijibu kwa amri kwamba kila mkuu wa nyumba awe na silaha na risasi zake, isipokuwa wale waliosamehewa kwa sababu ya ulemavu, ufukara, dhamiri zao au makosa ya jinai. Nchi ilikuwa moja, Katiba moja, na Rais mmoja. Tofauti ilikuwa ni watu waliokaa katika viti vya baraza.

Huenda msomaji akatujibu kwamba mambo hayo yamepita, kwa kuwa majimbo zaidi ya 40 sasa yanaibana miji isijitungie sheria za silaha kama ipendavyo. Ni kweli, lakini mlango uliofungwa na jimbo waweza kufunguliwa na jimbo lilo hilo. Mwaka 2020 Virginia iliziruhusu serikali za mitaa kuzuia silaha katika majengo na bustani zao. Mwaka 2021 Colorado ilizirudishia wilaya na miji yake uwezo wa kuweka masharti makali kuliko ya jimbo. Tangu hapo, mkaazi wa majimbo hayo aliyedharau uchaguzi wa madiwani amewaachia wengine wamwamulie.

Zaidi ya hayo, kutunga sheria ni jambo moja na kuitekeleza ni jingine. Katika majimbo mengi mkuu wa polisi wa wilaya, aitwaye sherifu, huchaguliwa kwa kura. Masherifu wawili, Jay Printz wa Montana na Richard Mack wa Arizona, ndio walioishtaki serikali ya nchi nzima kwa kuwalazimisha kuwachunguza wanunuzi wa bastola chini ya sheria ya mwaka 1993. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu iliwapa ushindi. Kwa upande mwingine, katika wilaya ya Santa Clara, California, ambako sherifu ndiye aliyekuwa akitoa vibali vya kubeba silaha kwa siri, mwaka 2022 jopo la raia lilimwona sherifu na hatia katika shauri lililohusu kuwapendelea baadhi ya watu kwa vibali hivyo. Haki iliyoandikwa kwa wote ilikuwa imekwama katika meza ya ofisa mmoja wa wilaya.

Mfano ulio karibu zaidi na sisi ni wa visiwa vya Hawaii. Huko hakuna sherifu wa kuchaguliwa. Atakaye kununua bunduki au kuibeba hadharani huomba kibali kwa mkuu wa polisi wa wilaya yake. Mkuu huyo huteuliwa na tume ya polisi. Wajumbe wa tume huteuliwa na meya na kuthibitishwa na baraza. Na meya pamoja na baraza huchaguliwa na wananchi. Kabla ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 2022 vibali vya kubeba silaha hadharani vilikuwa adimu mno huko. Hukumu ilipotoka, baraza la Honolulu lilikaa mwaka 2023 likataja mahali ambapo silaha hairuhusiwi kubebwa. Kwa hiyo mkaazi wa Hawaii anayesema kwamba kura ya meya haimhusu hajaufuata mnyororo huo mpaka mwisho wake.

Hata hivyo hatutaki kueleweka vibaya. Mwishoni mwa mwaka 2019, baada ya chama kinachotaka udhibiti kushinda Bunge la Virginia, wilaya nyingi za jimbo hilo zilipitisha maazimio ya kujitangaza kuwa ngome za wenye silaha, na baadhi ya masherifu wakasema hawatatekeleza sheria wasizozikubali. Mwanasheria Mkuu wa jimbo alieleza kwamba maazimio hayo hayana nguvu ya kisheria. Nasi twaona kwamba ofisa aliyechaguliwa hakupewa ruhusa ya kuchagua sheria za kutii. Leo atakataa sheria usiyoipenda, kesho atakataa ile inayokulinda. Maazimio yale yalikuja kura zikiwa zimekwisha kuhesabiwa. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Kwetu visiwani suala si bunduki. Wachache mno wanaomiliki silaha, na wala hatusikitiki kwa hilo. Lakini kibali ni kibali, kiwe cha bunduki, cha kibanda sokoni au cha biashara ndogo. Masheha wetu huteuliwa na serikali, ila madiwani huchaguliwa nasi, na mara ngapi tumempigia diwani kura bila hata kulijua jina lake?

Kwa wananchi, shauri letu ni kwamba mgombea udiwani aulizwe maswali magumu kabla ya kura, si baada yake. Kwa maofisa wa serikali, twaomba mambo matatu yasiyo na gharama kubwa: masharti ya kila kibali yabandikwe mahali pa wazi, mwombaji aambiwe siku ya kupata jibu, na anayenyimwa apewe sababu kwa maandishi. Haki ikitegemea hisani ya aliyekaa mezani, hiyo si haki tena, ni fadhila. Na fadhila huisha siku aliyeitoa anapohamishwa.